Ovari ikishatiwa fomalini imekwisha: kugandisha tishu kwa wanaume waliobadili jinsia

Mwanamume aliyebadili jinsia, yaani aliyezaliwa na mwili wa kike, akijiandaa kuondolewa mji wa mimba na ovari huulizwa mengi kliniki: dawa anazotumia, kundi la damu, nani atamsindikiza siku ya kutoka. Suala la uzazi mara nyingi huingia mwishoni, fomu zikishasainiwa. Ovari ikishatumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi viungo vya uchunguzi, na kupelekwa maabara ya patholojia, hakuna tena cha kugandisha kwa ajili ya kupata mtoto baadaye. Kwa hiyo maabara ya uzazi iarifiwe kabla ya siku ya upasuaji, na mtu wa kupokea kiungo awe anajulikana kwa jina.

Mayai machanga hukaa kwenye gamba la nje la ovari, yaani koteksi, ndani ya takriban milimita moja kutoka juu. Hilo gamba ndilo tishu inayogandishwa. Ovari nzima ni nene mno. Dawa ya kuikinga na barafu haifiki katikati kwa wakati.

Mpasuaji huitoa ovari kwa matundu madogo tumboni. Wapasuaji wengi wamezoea kutumia umeme kukata na kuzuia damu, na hapa mazoea hayo yana gharama, maana joto likigusa koteksi huua mayai yaliyo chini yake. Umeme ukae mbali, mishipa ya damu ikatwe mwisho, kisha ovari iingie moja kwa moja kwenye chombo cha kimiminika kilichopozwa, nacho chombo kizungukwe na barafu. Isigusane na barafu yenyewe. Denmark wamekuwa wakisafirisha ovari kwa saa 4 hadi 5 namna hii kutoka hospitali za mikoani hadi maabara moja ya Copenhagen, na watoto wamezaliwa kutokana na tishu iliyosafiri hivyo.

Maabara huipasua ovari nusu mbili na kukwangua nyama ya ndani mpaka libaki gamba la milimita 1 hadi 2. Hukatwa vipande vya takriban milimita 5 kwa 5, kimoja kikienda kwa mwanapatholojia kuhesabu mayai na kutafuta seli za saratani. Vilivyobaki huloweshwa karibu nusu saa kwenye mchanganyiko baridi wa ethilini glaikoli na sukari ya sukrosi, vikitikiswa taratibu, kisha huingia kwenye vichupa na kwenye mashine ya kugandisha. Mashine hushusha joto nyuzi 2 kwa dakika hadi karibu −9. Hapo fundi hugusa kichupa kwa koleo lililochovywa kwenye nitrojeni ili barafu ianze pale anapotaka yeye. Asipofanya hivyo, maji hupoa kupita kiwango chake bila kuganda, kisha huganda yote kwa mkupuo na kupasua seli. Kutoka hapo ni nyuzi 0.3 tu kwa dakika hadi −40, halafu haraka zaidi hadi −140, na mwisho tangi la nitrojeni ya kimiminika, −196.

Kwa hiyo kliniki inayogandisha mayai haiwezi kudhaniwa inaweza na tishu. Mayai hugandishwa kwa mkono, dakika chache, bila mashine hii. Uliza wazi.

Testosteroni, homoni ya kiume wanayotumia wanaume hawa, haizuii kazi hii. Watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya wanaume 40 waliobadili jinsia, waliokuwa kwenye testosteroni kwa wastani wa zaidi ya mwaka mmoja: mpangilio wa mayai machanga kwenye koteksi ulikuwa wa kawaida. Huna haja ya kuacha dawa, hakuna sindano za kuchochea ovari, hakuna kipimo cha ultrasound cha ukeni. Kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya kuichagua njia hii, na ni sababu nzuri.

Ugumu uko kwenye matumizi. Njia iliyothibitika ni kuirudisha tishu mwilini. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alitangazwa Ubelgiji mwaka 2004 na timu ya Jacques Donnez, na tangu hapo wamezaliwa zaidi ya 200, wengi wao wa wanawake waliotibiwa saratani. Mayai mengi hufa kabla mishipa mipya ya damu haijafika kwenye kipande. Yaliyosalia huchukua miezi 4 hadi 6 kuanza kazi, na kazi hiyo ni pamoja na kutoa estrojeni, homoni ya kike. Mwanamume aliyeondolewa ovari ili aachane na homoni hiyo anarudishiwa ile ile. Kumpandikizia mwenzi wake hakuwezekani. Mwili wake utaikataa, isipokuwa wawe mapacha wa kufanana.

Kukomaza mayai nje ya mwili bado hakujafika kliniki. Yale mayai yaliyookotwa Ghent wakati wa kukata ovari, takriban theluthi moja yalikomaa kwenye chombo, lakini viinitete vilivyopatikana baadaye vilikwama mapema. Timu ya Edinburgh ilikomaza mayai ya binadamu kutoka hatua changa kabisa mwaka 2018, bila kuyarutubisha.

Kwa mtazamo wetu, mtu mzima anayeweza kuvumilia wiki 2 hivi za sindano agandishe mayai. Dawa ya letrozoli, kwa kawaida miligramu 5 kwa siku, huizuia estrojeni isipande sana. Tishu iwe kwa asiyeweza hayo, au kijana aliyesimamishiwa balehe kabla mayai hayajaanza kukomaa. Anayegandisha tishu leo aambiwe bila kificho kwamba anaweka dau kwenye maabara ya kesho. Vyote viwili vikiwezekana, vifanyike vyote.

Na testosteroni si uzazi wa mpango. Aliye na ovari na mji wa mimba anaweza kushika mimba hata hedhi ikiwa imekoma.

Sheria nazo zimechelewa. Sweden ilidai utasa kabla ya kubadili jinsia kisheria hadi 2013. Ubelgiji yenyewe, nyumbani kwa Ghent, iliondoa sharti hilo kwa sheria iliyoanza 2018.

Makaratasi yasome kwa makini. Kabla ya kuhifadhi hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende; majibu yakiwa chanya, tishu hukaa tangi la peke yake. Mkataba useme nani analipa ada ya kila mwaka, tishu ifanyweje mwenyewe akifariki, na kengele ya tangi inamwita nani usiku nitrojeni ikipungua. Ukibadilisha jina kwenye kitambulisho, ipelekee benki ya tishu barua yenye majina yote mawili na namba ya vichupa, na udai jibu la maandishi. Lebo ya jina la zamani isiyo na barua hiyo inaweza kukunyima tishu yako mwenyewe.