Nusu fainali ya 2003 hatukupewa, Kenya iliitafuta miaka 7

Kila nikitaja kriketi ya Kenya lazima mtu aseme ile nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 tulibebwa tu, ati New Zealand walikataa kuja Nairobi tukapata pointi za mezani, basi, hadithi imeisha. Hii kitu imenichosha kusema kweli. Wacha leo niiandike yote mahali pamoja, manake mtu akianza kuhesabu kutoka 2003 hawezi kuelewa tulifikaje pale, na hawezi kuelewa pia mbona saa hii ata hatuko kwa orodha ya nchi zenye hadhi ya ODI.

Kwa asiyefuata sana huu mchezo, ODI ni mechi ya kimataifa ya siku moja, kila timu inapiga ova 50, ova ni mipira 6, kwa hivyo una mipira 300 ya kutafuta mikimbio, yaani alama, kabla wiketi zako 10 ziishe, wiketi moja ni mpigaji mmoja kutolewa. Na si kila nchi inaruhusiwa kuita mechi yake ODI, hiyo hadhi inatolewa na ICC, baraza la kriketi la dunia, na ICC hao hao ndio wanaichukua ukiteleza.

Tulianza mbali. Kombe la Dunia la kwanza 1975 kule Uingereza hatukuwa ata Kenya, tuliingia kama Afrika Mashariki, timu moja ya mchanganyiko, tukacheza mechi 3 tukapoteza zote 3, India walitumaliza bila kupoteza wiketi ata moja. Kenya ikajiunga na ICC kivyake 1981. Halafu 1994 ICC Trophy, michuano ya kufuzu Kombe la Dunia, ikachezewa hapa Nairobi, tukapoteza fainali kwa UAE lakini tiketi ya Kombe la Dunia 1996 tukawa tumeipata.

ODI yetu ya kwanza kabisa ni 18 Februari 1996 pale Cuttack dhidi ya India. Tendulkar alipiga 127 bila kutolewa na wakashinda kwa wiketi 7, yaani walimaliza wakiwa bado na wiketi 7 mkononi, lakini kwa hiyo hiyo mechi Steve Tikolo akapiga 65, ODI yake ya kwanza, mbele ya umati wa Wahindi wenyewe. Hapo ndio mtu angejua kuna kitu kinakuja.

Kikaja 29 Februari, Pune. West Indies. Sisi tulitolewa wote kwa 166 na kati ya hizo 37 zilikuwa za bure tu, zile mikimbio za ziada wanazokupa warushaji wakikosea, zilizidi za mpigaji wetu yeyote. Mtu yeyote angesema mechi imeisha. Rajab Ali akamng'oa Richie Richardson, akamtoa pia Brian Lara kwa mpira uliodakwa na Tariq Iqbal nyuma ya wiketi, kisha kepteni Maurice Odumbe akarusha ova zake 10 akatoa mikimbio 15 pekee na wiketi 3, na West Indies wote wakawa nje kwa 93. Tisini na tatu! Timu iliyokuwa imebeba Kombe la Dunia mara mbili.

Kabla wiki kuisha Sri Lanka wakatupiga 398 pale Kandy, rekodi ya dunia ya ODI wakati huo, Aravinda de Silva peke yake 145. Sioni haja ya kuificha hiyo mechi, kwanza naipenda kwa sababu Tikolo alijibu na 96 akakosa senchuri, mikimbio 100, kidogo tu. Timu changa ndio huwa hivyo, leo unaangusha jitu, kesho linakukanyaga.

Sasa kipande ambacho watu wanaruka ni 1996 hadi 2001. Oktoba 1996 Nairobi ilileta Pakistan, Sri Lanka na South Africa kucheza na sisi, na ni hapo Nairobi Gymkhana kijana Shahid Afridi alipiga senchuri kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, rekodi iliyokaa miaka na miaka. 1997 wakaja Bangladesh na Zimbabwe, Kennedy Otieno na Deepak Chudasama wakafungua na ushirika wa 225 dhidi ya Bangladesh. 1999 India, South Africa na Zimbabwe. 2000 ICC wakaleta ile Knockout yao, michuano ya mtoano, New Zealand wakabeba. Kila mwaka karibu, timu kubwa ziko Nairobi na vijana wetu wako uwanjani nao, wanawaona, wanawapiga wanapigwa, wanajifunza Murali, yule mrushaji wa Sri Lanka, anashika mpira vipi kabla hajaurusha.

Na matokeo yakaonekana. Mei 1998 Gwalior tukawapiga India kwa mikimbio 69, Odumbe 83 na wiketi 3. Oktoba 2001 Port Elizabeth tena India, kwa mikimbio 70. Mara ya kwanza wataita ajali, sawa. Mara ya pili kwa nchi tofauti na watu tofauti wakirusha, hiyo si ajali tena.

Sasa 2003. Ndio, New Zealand hawakuja Nairobi kwa sababu za usalama na tukapewa pointi 4. Na ndio, kwa ule mfumo wa Super Six, hatua ya timu 6 baada ya makundi, pointi ulizopata dhidi ya timu mlizopita nazo zilikuwa zinaenda na wewe, kwa hivyo hizo za New Zealand zilitusaidia sana, sikatai. Lakini angalia zilizobaki. Tuliwafunga Canada Cape Town. Tarehe 24 Februari Nairobi tukaweka 210, Otieno 60, kisha Collins Obuya, spina (mrushaji wa mipira ya kuzungusha) wa miaka 21, akawachukua Sri Lanka wiketi 5 kwa mikimbio 24, na kati ya hao 5 Aravinda yule yule wa Kandy alikuwemo, Sangakkara na Jayawardene pia. Wakaisha kwa 157. Tukawafunga Bangladesh Johannesburg, Odumbe 52 bila kutolewa na wiketi 4. Super Six tukawafunga Zimbabwe kwa wiketi 7 pale Bloemfontein. Ushindi 4 wa uwanjani, 3 kati yake dhidi ya nchi zinazocheza Test, ile kriketi ya siku tano ya nchi za ngazi ya juu. Hiyo meza iko wapi hapo?

Halafu kuna mechi tuliyopoteza ambayo mimi ndio naiweka juu kuliko zote. Durban, Australia, wale Australia wa Ponting ambao hawakupoteza mechi ata moja kwa hiyo michuano. Brett Lee alianza na hat-triki, wiketi 3 kwa mipira 3 mfululizo, tukajivuta hadi 174. Wakaanza kuzipiga kama wanamaliza kazi, Gilchrist anawaka, halafu Tikolo akamwita Aasif Karim. Mzee alikuwa ameshastaafu, akarudishwa kwa hilo Kombe, alikuwa na miaka 39. Akamtoa Ponting, akamtoa Lehmann, akamtoa Hogg, ova 8 na mipira 2, mikimbio 7, wiketi 3, ova 6 hawakupata kitu kabisa. Tulipoteza kwa wiketi 5 lakini mchezaji bora wa mechi akawa Karim. Ukimpa mtu video ya hizo ova na hajui kriketi, ataelewa tu kwamba hawa jamaa hawakujua watamfanya nini.

Nusu fainali India wakatushinda kwa mikimbio 91, Ganguly 111, Tikolo 56. Hakuna mwanachama mshiriki mwingine wa ICC, yaani nchi isiyocheza Test, aliyewahi kufika hapo, si kabla si baada.

Na ungedhani baada ya hapo milango ingefunguka. Hii ndio inaniuma mpaka leo. Mwaka 2004 wote Kenya ilicheza ODI 2, zile za Champions Trophy Uingereza dhidi ya India na Pakistan. 2005, sifuri. Sifuri kabisa! Timu ya nusu fainali. Timu kubwa hazikuja na sisi hatukuitwa, na nyumbani nako kulikuwa moto, wachezaji wakagoma kwa sababu ya pesa, Odumbe akafungiwa miaka 5 mwaka 2004 kwa mambo yake na bukmeka, mtu wa kamari, chama kikavunjwa 2005 kikaundwa kipya, Cricket Kenya. Wachezaji ambao walikuwa kwa kilele cha nguvu zao walikaa miaka miwili hivyo hivyo.

Kosa letu wenyewe pia lipo na ni kubwa. Ile timu ilitoka kwa familia chache na klabu chache za Nairobi. Hesabu mwenyewe: akina Tikolo, akina Odumbe, akina Suji, akina Obuya (Otieno, Collins na David ni ndugu wa tumbo moja), pamoja na Wakenya wa asili ya Kiasia kama Chudasama, Modi na Karim, halafu klabu ni Swamibapa, Aga Khan, Gymkhana, Ruaraka, na nyingine za kuhesabu. Hicho kikundi kilikuwa hazina lakini hakuna aliyejenga kingine nyuma yake, kwa hivyo walipozeeka, walizeeka wote pamoja.

Kuporomoka sitakaa nako sana. 2007 tulishinda World Cricket League, ligi ya ICC ya nchi zisizocheza Test, hapa nyumbani, kumbe ndio mwisho wa raha. Kombe la Dunia 2011 tulipoteza zote 6, New Zealand wakatutoa kwa 69 Chennai, ingawa Collins Obuya alipiga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia, peke yake karibu. Oktoba 2013 Afghanistan, ambao hadhi ya ODI walipata 2009 tu, wakatufunga Sharjah wakaenda Kombe la Dunia 2015 na sisi tukabaki. Januari 2014 kule New Zealand tukateleza kwa mchujo, hadhi ikaenda. ODI 154, ushindi 42, kitabu kikafungwa. Afghanistan na Ireland wakapewa Test 2017, na mwaka uliofuata sisi tukashushwa hadi divisheni ya 3 ya ile World Cricket League.

Kombe la 2027 litachezewa South Africa, Zimbabwe na Namibia. 2003 nafasi hiyo ya tatu ilikuwa yetu. Namibia wameipata kwa kazi, siwaonei wivu.

Saa hii tuko Challenge League, ligi ya ICC ya ngazi ya chini, ova 50 lakini si ODI, na humo humo wamo Uganda na Tanzania kwa kundi lingine. Mimi nikiulizwa nisingeanza na kochi mgeni wala jezi mpya. Ningeanza na mechi: Kenya, Uganda na Tanzania, ova 50, kila mwaka, nyumbani na ugenini, Ruaraka, Lugogo pale Kampala, Gymkhana ya Dar. Viwanja viko tayari, na Uganda wa siku hizi watatusumbua vibaya, waliingia Kombe la Dunia la T20, kriketi fupi ya ova 20, mwaka 2024 sisi tukiwa nje. Mechi za kutusumbua ndio hizo tunazihitaji, na basi la kwenda Kampala linaondoka kila jioni.