Mistari miwili ya malaria isikufumbe macho

Huku kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, kuanzia Kisumu, Siaya hadi Homa Bay, homa ikipanda neno la kwanza ni malaria, na mara nyingi ni kweli. Ila wengi hapa hutembea na vimelea damuni bila kuugua, na kipimo cha haraka cha kudunga kidole huweza kutoa mistari miwili, yaani kuonyesha malaria, hata wiki kadhaa baada ya dawa kuisha. Yaani mgonjwa anaweza kuwa na malaria na bado kinachomuua ni bakteria. Mwili ukipambana nao hadi ukaanza kujeruhi viungo vyake wenyewe, hiyo ndiyo sepsisi.

Malaria yenyewe humfungulia mlango Salmonela isiyo ya taifodi, bakteria anayeweza kuingia damuni, hasa kwa mtoto mwenye utapiamlo. Mwenye selimundu (sikoseli) yuko hatarini zaidi, kwa kuwa wengu wake huchoka mapema na hauchuji tena bakteria.

Basi mtazame mgonjwa. Hesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mtu mzima akifika 22, mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, anahema kwa kasi. Kisha bonyeza ukucha wake hadi uwe mweupe, uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mkono ni baridi ilhali kifua kinachoma, damu haifiki pembeni. Ongeza hapo kuchanganyikiwa, usingizi mzito au mkojo kupungua: kimbia hospitali, hata kama ni usiku. Mtoto mchanga huenda asipate homa kabisa. Mwili wake huwa baridi tu, naye huacha kunyonya.

Mama aliyejifungua karibuni, akiwa na homa na uchafu unaonuka ukeni, huenda amebakiwa na kipande cha kondo la nyuma. Antibayotiki pekee hazitamponya. Lazima kitolewe, kama usaha wa jipu unavyotolewa.

Hospitalini, damu ya kuotesha vijidudu itolewe kwanza, lakini dawa isiingojee: presha ikishuka, antibayotiki ziingie mshipani ndani ya saa 1. Na tafadhali, msishinikize dripu ya mtoto ifunguliwe yote. Utafiti wa FEAST wa 2011, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulionyesha kuwa waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: takriban 10.5 kwa kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Walioharisha hadi kukaukiwa hawakuwa kwenye utafiti huo. Wao wana utaratibu wao.

Ukifika mapokezi, taja pumzi ulizohesabu, saa aliyokojoa mwisho, na tarehe aliyomaliza dawa za malaria.