Mtende wa kitaluni usiukabidhi kwa jua siku hiyohiyo

Wiki ya pili baada ya kupanda, makuti yanaanza kukauka kuanzia nchani, na wengi hukimbilia mbolea. Mbolea haitasaidia kitu. Mitende ya mapambo hukuzwa kitaluni chini ya neti, kwa hiyo makuti yake yamezoea kivuli. Ukiusimamisha kwenye kiwanja cha Ilemela, Mwanza, chenye majabali yanayotoa joto hadi usiku, au kando ya ukuta mweupe unaotazama magharibi, makuti hupoteza maji mengi kuliko yale ambayo mizizi iliyojeruhiwa inaweza kuvuta.

Uzoeshe ukiwa bado kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni. Wiki ya kwanza upate jua la asubuhi tu, hadi saa nne. Ya pili hadi saa sita. Kuanzia ya tatu ongeza mpaka ukae juani kutwa. Mwagilia kila siku, maana kiriba cheusi huchemsha mizizi. Kama umeshaupanda, simika nguzo na ufunge neti ya kivuli cha asilimia 50 juu na upande wa magharibi, uiache mwezi au mwezi na nusu. Novemba, mvua zikishashika, ndiyo nafasi nzuri. Mwisho wa Septemba subiri: ardhi imekauka tangu Juni na jua la saa sita linapita utosini kabisa.

Shimo liwe pana mara mbili ya bonge la udongo lililoshika mizizi, lakini kina kilingane na bonge, basi. Inauma kuona mtende mzuri umefukiwa shingo "ili usimame imara". Mizizi yake huota kuanzia kitako cha shina na inataka hewa. Ukiizamisha, mti hudhoofika polepole na unaweza kufa mwaka unaofuata, wakati hakuna anayekumbuka shimo. Kama unayumba, ufunge kwa nguzo tatu na mikanda laini. Msumari usiguse shina, kwani kidonda cha mtende hakizibi maisha yake yote.

Mche wa mita moja na nusu upewe ndoo ya lita 20 kila asubuhi kwa wiki mbili, kisha kwa kuruka siku moja moja. Mimina taratibu juu ya bonge lenyewe. Udongo wa kitaluni ni mwepesi, hukauka haraka kuliko wa pembeni, na maji yakimwagwa kwa pupa huteremkia kando. Chomeka kidole ndani ya bonge. Mara nyingi utakuta shimo limelowa na bonge ni kavu.

Tandaza pumba za mpunga, au magugu maji yaliyokaushwa vizuri, unene wa sentimita 7, ukiacha kiganja kizima kutoka kwenye shina. Kagua mchwa.

Makuti yaliyoungua nusu usiyakate, sehemu ya kijani bado inaulisha mti. Angalia kuti changa la katikati, lile lililofungana kama mkuki. Lichore mstari wa wino usawa na kuti la jirani. Mstari ukipanda baada ya wiki moja au mbili, mizizi imeshika. Ukilivuta kidogo likachomoka na kunuka, moyo umeoza, na mtende wenye shina moja hauna moyo mwingine wa kuchipua.

Mbolea ianze kuti jipya likishafunguka lote: chagua yenye potasiamu na magnesiamu, uinyunyize sentimita 30 kutoka shinani, kisha umwagilie.