Ile "haya" ya mama

Jumapili mama alipiga simu ya video nikiwa jikoni. Mnamjua, lazima akague. "Geuza simu nione." Nikageuza. Akaona sufuria, kijiko kimesimama ndani yake, na binti yake kasimama pembeni anatafuna.

"Sahani iko wapi?"

"Sahani ya nini, mama? Si niko peke yangu."

Akanyamaza kidogo. "Haya."

Wiki hii wifi kajifungua salama, na mimi hatimaye nimehamishiwa kitengo kingine kazini, lakini kichwani imebaki hiyo haya tu. Mama ana haya ya kukubali na haya ya kuaga. Hii aliivuta, halafu akaikata.

Usiku ule niliosha sufuria huku namjibu kimoyomoyo, nimechelewa saa nzima. Mama, mimi sili ovyo! Ulichokiona ni dengu nyekundu, zile ndogo zilizokobolewa, ambazo hata kulowekwa hazihitaji. Nusu kikombe, maji vikombe viwili. Kitunguu na saumu vinatangulia kwenye kijiko kimoja cha mafuta, kisha karoti, dengu, maji. Dakika 15 hadi 20 zinapondeka zenyewe. Nyanya nasubiri hadi dengu zilainike, maana uchachu wake huzikawiza kuiva. (Hilo nililijua baada ya kuchokonoa vijiwe dakika 40 na njaa yangu.) Spinachi inaingia mwisho kabisa, nazima moto, nafunika dakika mbili. Halafu ndimu, na si kwa ladha tu: vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya dengu.

Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema "sahani ya nini".

Jana nimepika ileile. Kwa hasira nikatoa sahani, ile ya maua iliyobaki peke yake kwenye seti, nikapakua, nikaketi kwenye kiti kama mgeni. Sahani ikaisha, nikawa nimeshiba, na nusu nzima bado imo sufuriani. Kumbe ndiyo maana sijawahi kuwa na kiporo! Nikila kwenye sufuria naacha pale tu kijiko kinapogonga chini. Nikakifunika, kikapoa kidogo, nikakitia kwenye friji. Leo nimekipasha hadi kikatokota, chakula changu cha mchana kikawa hicho.

Nilimtumia mama picha ya sahani. Jibu lake: "Na maji ya kunywa?"

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika meza. Nikaenda kuyachukua kweli, yale ya baridi, na funda la kwanza tu jino la nyuma kushoto likanichoma. Si mara ya kwanza wiki hii. Na huko kitengo kipya hata sijajua ruhusa ya kwenda kwa daktari inaombwa kwa nani.