73939133: ikate mkia, bado ni tasa

Jamani leo naongelea namba moja tu, 73939133. Ni namba tasa, haigawanyiki kwa kitu zaidi ya 1 na yenyewe, na hilo peke yake si ajabu maana namba tasa haziishi, Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishathibitisha zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Utamu uko huku: futa tarakimu ya mwisho ubaki na 7393913, tasa. Futa tena, 739391, tasa. 73939, 7393, 739, 73 mpaka 7 yenyewe, zote tasa, hakuna hata moja inayokuangusha njiani!

Na hakuna ya kuizidi. Za aina hii ziko 83 tu, basi, ambazo zimefika tarakimu nane ni tano, na hii ndo kubwa kuliko zote.

Kinachonifurahisha zaidi ni sababu, maana sehemu kubwa unaiona na ile kanuni ya shule ya msingi tu: jumlisha tarakimu, jumla ikigawanyika kwa 3 basi namba nzima inagawanyika kwa 3. Kila ukiongeza tarakimu mkiani una 1, 3, 7 au 9 tu, zingine zinakupa namba shufwa au inayogawanyika kwa 5. Sasa 3 na 9 hazigusi baki ukigawa kwa 3, ila 1 na 7 kila moja inaongeza baki kwa moja. Umeanza na 7, baki ni 1, ukiweka 1 au 7 mara moja baki inakuwa 2, ukirudia tu baki ni sifuri na utasa umeisha hapo hapo. Yaani ukianza na 7 una ruhusa moja tu safari nzima. Hebu iangalie tena 73939133, baada ya ile 7 ya mwanzo kuna 1 moja, zilizobaki zote ni 3 na 9! Ukianza na 2 au 5 hiyo ruhusa huna kabisa, ndo maana 23399339, 29399999 na 59393339 hazina 1 wala 7 hata ya dawa.

Kwa hiyo 73939133 ruhusa yake imeshatumika, 1 na 7 nje, imebaki kujaribu 739391333 na 739391339, na zote mbili zinagawanyika, kwa hizo kanuni ya 3 haisaidii inabidi kompyuta ikutafutie vigawanyo.

Ukikata kutoka kushoto badala ya kulia, bila kuruhusu sifuri, ziko nyingi zaidi, 4260, maana mbele unaweka tarakimu yoyote kuanzia 1 hadi 9, mwisho wa namba haubadiliki. Kubwa yao ina tarakimu 24: 357686312646216567629137. Ikate mwenyewe uone.