Nilivyookoa mshahara wangu Shelisheli rupia ilipoporomoka

Mwaka 2008 nilikuwa mpishi katika hoteli moja kisiwani Mahé. Mshahara ulikuwa wa rupia, na kila mwezi mama alisubiri pesa ya kodi na karo za wadogo zangu kule Kisauni, Mombasa. Pesa nilikuwa nayo. Kazi ilikuwa kuibadilisha. Benki ilitoa dola kwa kudondoa. Unajaza fomu, jina linaandikwa kwenye orodha, unaambiwa upitie wiki ijayo. Bei ya serikali ilikuwa kama rupia nane kwa dola, ila kwa bei hiyo dola hazipatikani. Mitaani zilipatikana kwa bei ya juu, lakini mgeni mwenye kibali cha kazi hachezi na mambo hayo.

Nikaanza kufuatilia dola za nchi ile zinatoka wapi. Visiwa vyenye watu wasiofika laki moja viliishi kwa watalii na kwa jodari wa kiwanda cha Victoria, mji mkuu, basi. Mchele, vitunguu, dizeli ya kuzalisha umeme, vyote vilikuja kwa meli. Mafuta na chakula vilipopanda bei duniani mwaka ule, mimi niliyapokea jikoni: leo maziwa hakuna, kesho vitunguu vimeletwa nusu ya oda. Na serikali ilikuwa imekopa mpaka deni likapita pato la taifa la mwaka mzima, huku ikiishikilia rupia kwenye bei isiyo yake. Hilo linaniuma hadi leo. Mkopo wa namna hiyo hauachi gati wala kiwanda, unaacha riba tu.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha Septemba. Kwa kuwa sheria ilitaka watalii walipe hoteli kwa fedha za kigeni, nilijua euro zipo. Nikamwendea meneja, nikamwambia: “Bosi, sitaki nyongeza. Nilipe theluthi ya mshahara kwa euro, niandikie kwenye mkataba.” Alisita, akasema atauliza ofisi kuu. Nilimkumbusha kwa adabu kwamba msimu wa wageni wengi umekaribia na mpishi mpya atahitaji kibali kipya. Baada ya siku chache akatia saini.

Oktoba serikali ikashindwa kulipa riba ya hatifungani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji, ya dola milioni 230. Novemba, chini ya mpango na Shirika la Fedha la Kimataifa, rupia ikaachiwa ijitafutie bei, ikapoteza karibu nusu ya thamani. Ruzuku za vyakula zikaondolewa, watumishi wa umma wakapunguzwa. Jirani yangu, mama wa Kikrioli aliyekuwa karani serikalini, aliacha kazi akaanza kukaanga samaki wa kuuza. Theluthi yangu ya euro ndiyo iliyolipa karo Januari.

Aprili 2009 Klabu ya Paris, kundi la nchi zinazokopesha nchi nyingine, ilikubali kufuta kwa awamu asilimia 45 ya deni lililoidai Shelisheli. Mwaka 2018 Shelisheli ikatoa hatifungani ya buluu ya dola milioni 15, ya kwanza duniani kutolewa na serikali, kwa ajili ya uvuvi na hifadhi ya bahari. Nilifurahi sana, maana safari hii mkopo una kazi unayoweza kuiona.

Vijana wanaonipigia kuhusu kazi za hoteli visiwani nawaambia wasianze na kiasi cha mshahara. Waulize unalipwa kwa sarafu gani, na kama benki ya pale inauza dola siku hiyohiyo.