Siku yangu moja kazini: fundi mitambo ya sauti, Kariakoo hadi Mbagala

Saa 1 asubuhi. Kabla ya chai napima kebo zote za maiki kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Kebo iliyokatika ndani haionekani kwa macho, na huwa inakata sauti mgeni rasmi akiwa ndiyo kwanza ameanza kuongea.

Saa 3. Kariakoo, dukani, na wazee wawili wa kanisa. Wanataka "spika ya wati elfu mbili". Boksi kweli limeandikwa 2000 kwa maandishi makubwa. Naigeuza spika, nyuma imeandikwa RMS 400. Hiyo 400 ndiyo nguvu inayoweza kuibeba muda wote; ile 2000 ni ya kufumba na kufumbua. Tena ukizidisha wati mara mbili ukubwa wa sauti unapanda desibeli 3 tu, tofauti ndogo ambayo sikio huisikia kidogo. Mimi nauliza mengine: ukumbi una urefu gani? Paa ni bati tupu au lina dari? Ni mahubiri tu, au na bendi?

Saa 5. Tumenunua spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani, stendi zake, miksa ndogo na maiki mbili za waya. Amplifaya ya nje inataka mtu anayejua hesabu za omu, yaani ukinzani wa umeme kwenye spika: spika mbili za omu 8 ukiziunga sambamba zinakuwa omu 4, ukiongeza ya tatu unashuka chini ya 3, na amplifaya isiyohimili inaungua. Kanisa halina fundi wa kudumu.

Saa 8 mchana. Mbagala. Kuta za saruji, vigae chini, bati juu. Napiga kofi moja na mwangwi unazunguka ukumbi mzima. Spika za zamani ziko nyuma ya mhubiri, zinaelekea maiki. Maiki inaokota sauti ya spika, inairudisha kwenye spika, na ndiyo lile yowe la kila Jumapili.

"Fundi, si tuongeze sauti tu?" anauliza mama wa kwaya.

"Mama, tukiongeza, na mwangwi unaongezeka."

Naziweka mpya mbele ya mimbari, juu ya vichwa vya watu, zikielekea viti na si kuta. Mzee mmoja anasoma matangazo, mimi nimekaa kiti cha mwisho. Ibada ni saa tatu au saa tano? Sikupata. Kwenye miksa nakata besi, sauti nene za chini ya hezi 100, napandisha kidogo sauti nyembamba za kwenye kilohezi 3, maana konsonanti zinakaa huko juu. Anarudia. Tatu! Hapo ndipo nafurahi kweli, maana bibi wa kiti cha nyuma naye atasikia neno zima.

Saa 11 jioni. Nawafundisha vijana wawili: kuwasha, miksa kwanza, spika mwisho, kuzima, spika kwanza. Hela iliyobaki wazee wamekubali inunue stabilaiza, maana umeme wa mtaa ule unapanda na kushuka sana.